Kitanda cha Dirishani

Kwa miaka kumi na minane alikuwa fundi wa hospitali, na kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo watu walimwita Kesho. Jina hilo hakupewa na adui. Lilitoka kinywani mwake mwenyewe. Kila aliyeingia karakanani kwake, nyuma ya jengo la dobi, kumwambia bomba linavuja au kitasa kimeng'oka, alijibiwa kwa tabasamu pana: "Kesho asubuhi na mapema. Usiponiona, niite mwongo." Asubuhi ilifika, fundi hakufika, na hakuna aliyemwita mwongo. Alikuwa mcheshi, na mcheshi husamehewa mengi.

Usidhani alikuwa mvivu. Jenereta likikohoa, yeye ndiye aliyelitibu. Mtambo wa kuchemshia vyombo vya upasuaji ulipogoma, alilala chini ya tumbo lake siku mbili nzima, akatoka uso mweusi kwa grisi, na madaktari wakampigia makofi pale pale ukumbini. Kazi za namna hiyo alizipenda kwa sababu zilikuwa na sifa ndani yake. Lakini mlango unaogonga, taa inayopepesa, pazia lililoanguka, hayo aliyaita mapambo. "Hii ni hospitali, siyo hoteli," alizoea kusema. "Mtu amekuja kutolewa uvimbe, anataka na pazia?"

Aliyekuwa hafurahishwi na utani huo ni sista msimamizi wa wodi ya upasuaji ya wanawake, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, ambaye hata akikasirika ilibidi usogee karibu ndipo umsikie. Sista huyo aliandika kwenye daftari la matengenezo mambo matatu yale yale kwa miezi minane: mlango wa wodi unajibamiza, taa ya kitanda cha sita inapepesa, dirisha la mwisho halina pazia. Siku moja aliona maandishi hayatoshi, akaja mwenyewe karakanani.

"Fundi, wagonjwa wangu hawalali."

"Si muwape dawa za usingizi, sista? Mnazo tele."

"Mtu anayesubiri kupasuliwa, roho yake iko juu juu tangu anapopanda kitandani. Ule mlango ukijibamiza, anashtuka. Akijifunika, taa inampepesea machoni. Akigeukia dirishani, anaona maiti wanapitishwa kwenda mochwari huko nyuma. Asubuhi nampima, presha iko juu, daktari wa usingizi anamkataa. Mwingine namrudisha siku tatu mfululizo. Mwingine anatoroka."

Fundi aliona watu wa dobi wametega masikio, na mbele ya watu hakuweza kujizuia.

"Lo, sista! Kwani huo mlango unawapasua kabla ya daktari?"

Watu wa dobi walicheka hadi mmoja akaangusha shuka alizokuwa amekumbatia. Sista hakucheka. Alilivuta daftari, akaandika kwa mara ya kumi na moja, akaweka kalamu pale alipoikuta, akaenda zake.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wa kwake ulikuwa umeiva tayari, ila yeye hakujua jipu liko wapi.

*

Fundi alikuwa na mama mkwe aliyempenda na kumwogopa kwa kiasi kile kile. Alikuwa mpishi wa shule, mwanamke mnene wa wastani, mpole wa maneno. Miaka ile fundi alipokwenda kuposa, ndugu wa bintiye walimkataa kwa kauli moja: kijana wa kuzibua masinki, atamlisha nini mtoto wa watu? Mama akawasikiliza wote, kisha akasema, "Mimi nilimwona akitengeneza jiko la shule. Alipomaliza, alifagia mahali alipochafua, na hakuna aliyemwambia. Huyo atamtunza mwanangu." Mjadala ukaishia hapo.

Tangu siku hiyo fundi hakuwahi kuinua sauti mbele yake wala kukaa akikunja nne. Na kwa kuwa alitaka mama asijutie neno lake, alijikweza kidogo kila mwaka. Mwanzo alikuwa fundi wa hospitali. Baadaye akawa fundi mkuu. Mwishowe, kwa masikio ya mama mkwe, akawa mkubwa wa mitambo, mtu wa kushauriana na madaktari. Mkewe alisikia hayo yote na kuyanyamazia, kama wake wanavyoyanyamazia mengi.

Basi mama akaanza kuumwa chini ya mbavu za kulia. Akila mafuta kidogo, anajikunja. Alipopimwa akaambiwa ana mawe kwenye mfuko wa nyongo, na mfuko wenyewe uondolewe. Fundi aliona hii ndiyo nafasi ya kumwonyesha mama kwamba hakumchagua mtu bure. Akaenda mwenyewe mapokezi, akaegemea dirisha la karani.

"Anakuja mama yangu mkwe, wodi ya upasuaji. Naomba apewe kitanda cha dirishani."

Karani alimtazama. "Cha sita? Una hakika?"

"Cha dirishani. Yule mama anapenda hewa."

"Haya," alisema karani, akaandika.

Jioni ile nyumbani fundi alimwambia mama mkwe, mikono ikiwa magotini, "Mama, usiwe na shaka. Pale ni kwangu. Nimekuchagulia kitanda mimi mwenyewe." Mama akamwombea dua ndefu. Wodi yenyewe fundi hakuwa ameikanyaga kwa karibu mwaka mzima.

*

Upasuaji ulipangwa Jumatano. Jumatano saa nne asubuhi mkewe alimpigia simu: mama amerudishwa kutoka mlango wa chumba cha upasuaji, presha imepanda. Alhamisi tena, presha. Ijumaa hawakumpeleka hata mlangoni.

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika siku hiyo ya Ijumaa, fundi alivua ovaroli, akanawa mpaka kwenye viwiko, akavaa shati lililopigwa pasi. Mama mkwe hakuwahi kumwona na ovaroli ya hospitali. Mkewe alitangulia kuingia wodini na chupa ya chai, yeye akafuata, akauachia mlango nyuma yake.

Mlango ulikwenda wenyewe, ukajibamiza kama kabati lililosukumwa kutoka ghorofani. Wodi nzima ilishtuka, vitanda kumi na viwili. Mwanamke mmoja aliyefungwa bendeji tumboni alishika mshono kwa mikono miwili, akauma midomo, akabaki hivyo mpaka maumivu yalipopita. Fundi aligeuka nyuma kutazama, kana kwamba aliyeingia na kubamiza ni mtu mwingine.

Mama mkwe alikuwa amejifunika shuka kichwani. Alipoifunua, fundi hakumtambua mara moja. Macho yalikuwa mekundu, mashavu yameshuka. Juu yake taa ndefu ilikuwa ikiwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, mchana kweupe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmekuja? Kazi hazijawashinda?"

"Umelalaje, mama?" aliuliza mkewe.

"Salama tu."

"Salama ipi, bibi?" Sauti hiyo ilitoka kitanda cha tano. Alikuwa muuza mitumba, mwanamke wa makamo, keshapasuliwa siku mbili nyuma na anasubiri kuruhusiwa, mdomo umepona kabla ya kidonda. "Wanao wakikuuliza, waambie ukweli. Huyu bibi hajafumba jicho tangu aletwe. Nani afumbe? Huo mlango mmeusikia wenyewe. Hiyo taa inamkonyeza kutwa kucha kama ina neno naye. Na hapo dirishani ndipo wanapopitishia waliokwisha kutangulia. Jana wamepita wawili. Mtu anasubiri kisu, anaonyeshwa maiti! Wewe kaka, ungelala?"

"Pole sana," alisema fundi, bila kujua pole hiyo anampa nani.

"Pole mpe fundi wao. Wanaye fundi hapa, wanamwita Kesho. Mimi sijamwona, yaani ni kama jini, anatajwa tu. Kesho, kesho, mpaka watu wanatoroka! Mshonaji wa mtaa wetu alilazwa hapo hapo kitandani kwa bibi, ugonjwa huo huo. Aliona machela tatu zikipita asubuhi moja, akavaa kandambili, akaondoka na gauni la hospitali. Nasikia huyo Kesho akiambiwa, anasema hii siyo hoteli. Hoteli! Nani kamwomba pilau?"

Wanawake wakacheka kile kicheko cha wenye mishono, cha kushika tumbo na kulalamika hapo hapo. Mkewe fundi, aliyelijua jina la Kesho tangu siku lilipozaliwa, alikuwa akikichunguza kifuniko cha chupa ya chai kama ndio kwanza anakiona.

Mama mkwe aliinua mkono.

"Jamani, msimseme mtu asiyekuwepo. Hamjui ana nini. Huenda kazi zimemzidi, huenda kuna mgonjwa kwake." Kisha akamgeukia fundi. "Mwanangu, wewe si ndiye mkubwa wa mitambo hapa? Huyo fundi unamfahamu?"

Angeweza kusema wakati ule. Neno lilikuwa moja tu na lilikuwa fupi.

"Namfahamu, mama."

"Basi muombe. Usimgombeze, mwanangu. Muombe tu, kwa upole."

"Nitamwambia, mama."

Alisema hivyo. Na alipokuwa akisema, alisikia masikio yakiwaka na jasho likimtoka kwapani chini ya shati safi. Amewahi kuchomwa na mvuke wa mtambo, amewahi kupigwa na umeme akarushwa ukutani, lakini hajapata kuungua namna ile. Alikuwa amejigawa watu wawili mbele ya mama aliyemwamini, mmoja akaahidi kumsihi mwenzake.

Nje, kwenye ngazi, mkewe alisimama.

"Baba watoto, umemwambia mama kwamba utamwambia fundi."

"Ndiyo."

"Basi mwambie," alisema mkewe, akashuka ngazi bila kumngoja.

*

Hakumfuata. Alirudi ndani mpaka kwenye meza ya sista. Sista alikuwa akijaza karatasi, na aliendelea kuzijaza.

"Sista, yule mshonaji aliyetoroka. Ilikuwaje baadaye?"

"Unataka kujua leo?"

"Nataka."

Sista aliweka kalamu chini. "Alirudi wiki tatu baadaye, amebebwa. Mfuko wa nyongo ulikuwa umepasuka ndani. Tulikaa naye miezi miwili. Walimkata kutoka hapa mpaka hapa." Akapitisha kidole juu ya sare yake, polepole, kutoka chini ya kifua mpaka chini ya kitovu.

"Amepona?"

"Yu hai," alisema sista, akachukua kalamu.

Karakanani fundi alifungua daftari, akasoma alichokuwa hajawahi kukisoma, maana desturi yake ilikuwa kutazama kichwa cha habari na kufunga. Mara ya kwanza sista alikuwa ameandika, "Tafadhali fundi." Mara ya tatu, "Tafadhali sana." Mara ya sita alikuwa ameeleza kwa mistari minne: mgonjwa ametoroka, inadhaniwa ni kwa sababu ya hofu. Mara ya tisa "tafadhali" haikuwepo. Mara ya kumi na moja yalikuwa maneno matatu tu: mlango, taa, pazia. Tarehe ya ile ya sita aliikumbuka vizuri. Ilikuwa wiki aliyopigiwa makofi.

Alikaa juu ya kigoda kichwa kikiwa mikononi. Alijaribu kujitetea, kama kila mtu angejaribu. Watu wengi huogopa upasuaji hata katika chumba cha dhahabu. Mshonaji huenda angetoroka tu. Mlango si ugonjwa. Lakini kila utetezi aliouleta ulikuwa na sauti yake ya utani, na sauti hiyo sasa ilimchefua.

Kesho yake, Jumamosi, alifika wodini asubuhi, akamwita sista kando.

"Mama wa kitanda cha sita hana kipimo leo? Hatapelekwa popote, hata kuoga?"

"Kwa nini?"

Fundi alitazama viatu vyake. "Nilitaka nifanye kazi akiwa hayupo."

Sista alimwelewa, na hakumwonea huruma. "Hana pa kupelekwa. Na wewe ngoja ngoja zako zimeshaumiza matumbo ya kutosha humu. Ya watu, si yako."

Basi akaenda kuchukua ngazi, sanduku la vifaa na ovaroli, akaingia wodini mchana kweupe, mbele ya vitanda kumi na viwili.

Muuza mitumba ndiye aliyemwona kwanza. Alifungua mdomo. "Heee! Kumbe..." Macho yake yakatoka kwa fundi yakaenda kwa bibi wa kitanda cha sita, yakarudi kwa fundi, na kwa mara ya kwanza tangu alazwe, mwanamke huyo wa mitumba alifunga mdomo wake mwenyewe bila kuambiwa.

Mama mkwe alikuwa ameketi. Alimwona mkwewe na ovaroli yenye madoa, na ngazi begani. Alijilaza taratibu, akavuta shuka, akageukia ukutani, akampa mgongo. Akawa kama mtu aliyelala. Lakini fundi alijua kwamba hakulala, maana alikuwa akipumua kwa uangalifu mno.

Alianza na mlango. Juu yake palikuwa na mkono wa chuma unaoushika ili ujifunge polepole, na mkono huo ulikuwa unaning'inia, umeachana na mbao. Skrubu tatu zilikuwa zimeng'oka. Alichonga vijiti vitatu, akavipaka gundi, akavipigilia kwenye matundu yaliyopanuka, akafunga skrubu ndefu kidogo kuliko za mwanzo, akaulegeza mkono mpaka mlango ukawa unajifunga kama mtu anayenong'ona. Kwenye ukingo wa fremu akabandika ukanda wa blanketi kuukuu. Akapanda juu ya taa. Kilichokuwa kimekufa ni stata ya kuwashia, kidude cha ukubwa wa kidole gumba, na vidude hivyo alikuwa navyo boksi zima karakanani. Mwisho akatoboa ukuta juu ya dirisha, akapachika fimbo ya pazia. Pazia lenyewe lilikuwa limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa kwenye rafu ya dobi, hatua kumi kutoka anapokunywa chai kila siku. Lilikuwa hapo miezi yote minane.

Alipokunja ngazi alitazama saa. Ilikuwa saa moja na nusu tangu aanze, pamoja na kwenda dobi na kurudi. Akafagia vumbi la ukuta, na alipokuwa akifagia alitamani asingefagia, kwa sababu alikumbuka mama alivyomsifu zamani kwa ajili ya ufagio, na ilikuwa kama anaiba sifa ile mara ya pili.

"Mungu akuzidishie, mwanangu," alisema ajuza wa kitanda cha pili. "Umetufanyia wema mkubwa."

Badala ya kuitikia amina, aliokota sanduku la vifaa. Mwingine akasema asante. Mwingine akasema mikono isipungue. Kila asante ilimwangukia kama kofi la mtu mpole, na alipotoka alikuwa anatembea ubavu ubavu ili asimpe mtu uso. Mlango ukajifunga nyuma yake bila sauti.

*

Mama alilala Jumamosi. Akalala Jumapili. Jumatatu presha ilikuwa imeshuka, na Jumanne daktari wa usingizi akamkubali. Akapasuliwa, mfuko ukatolewa na mawe yake saba. Fundi alimkuta daktari ukumbini, akamuuliza kama ni mlango.

"Mlango upi?"

"Kelele. Taa. Kwamba sasa amelala."

Daktari alifikiri. "Dawa ya presha tulimwongezea, na kulala amelala. Kipi kimefanya kazi siwezi kukuapia. Ninachojua ni kwamba mtu akija kwangu hajalala siku tatu na anatetemeka, namwogopa. Na aliyetulia hata kidonda chake hakinisumbui sana baadaye, dawa za maumivu anaomba kidogo." Akampiga bega. "Kwani wewe umekuwa daktari sasa?"

Zamani angejibu kwa utani. Safari hii alisema, "Hapana," akaondoka.

Siku ya tatu baada ya upasuaji alimwendea mama peke yake, na ovaroli. Mama alikuwa ameegemea mito, rangi imerudi usoni, anakunywa uji kwa kijiko. Fundi akasimama mguuni mwa kitanda.

"Mama, yule fundi..."

"Najua."

"Ni mimi."

"Nimesema najua. Nilijua hata kabla hujamaliza kusema unamfahamu. Nimepikia watoto wa shule miaka thelathini. Aliyeiba sukari namjua kwa jinsi anavyonipa shikamoo."

"Mbona hukusema, mama?"

"Niseme mbele ya watu? Nimvue mkwe wangu nguo katikati ya wodi? Uso umeumbwa na haya, mwanangu. Ndiyo maana nilikugeuzia mgongo. Sikutaka uniogope ukiwa juu ya ngazi, ukaanguka."

Fundi alipiga magoti pale kwenye sakafu, akamwomba radhi, kwa ajili ya mlango, kwa ajili ya ukubwa wa mitambo aliojitungia, kwa ajili ya kitanda. Mama alimwacha aseme mpaka yakaisha.

"Mimi kukusamehe si kazi," alisema. "Wewe ni mwanangu. Na mimi nililetwa kwa heshima, nikachaguliwa hata kitanda." Hakusema kwa kejeli, na ingekuwa afadhali angesema kwa kejeli. "Lakini yule mshonaji hakuwa na mkwe humu. Mtu wa kukuendea wewe kwa upole kwa ajili yake alikuwa nani?"

Mama akarudia uji wake.

*

Mtaa wa mshonaji alielekezwa na muuza mitumba, ambaye tayari alikuwa amerudi kibandani kwake na ambaye, kwa rehema zake, alieleza njia tu bila kuongeza kitu. Fundi alikwenda Jumapili mchana. Alipita mbele ya nyumba mara mbili, mara ya tatu akabisha.

Mshonaji alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, ameketi barazani akifumua pindo la sketi kwa mkono. Cherehani ilikuwa kando, imefunikwa kitambaa, na juu ya kitambaa pamewekwa sufuria, kama meza. Alimkaribisha akidhani ni mteja.

"Siku hizi sichukui kazi kubwa, kaka. Pedali inanivuta tumbo. Vya mkono tu."

"Sikuleta nguo. Mimi ni fundi wa hospitali. Ni mimi niliyeuacha ule mlango. Na taa, na dirisha."

Mwanamke aliweka sketi magotini. Alimtazama kwa muda, si kwa hasira, zaidi kama mtu anayepima kitambaa.

"Ulikuwa na ubaya gani ule mlango?"

Hilo hakulitegemea. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa machozi, hata kufukuzwa.

"Skrubu zilitoka."

"Ngapi?"

"Tatu."

"Skrubu tatu," alisema mwanamke. Akaokota sindano, akaiweka tena chini. "Na taa?"

"Kidude kama hiki." Akaonyesha kidole gumba. "Nilikuwa nacho."

"Ulikuwa nacho."

Kisha akaanza kumweleza, bila kuulizwa, jinsi alivyokaa kwenye kile kitanda. Kwamba aliingia bila woga mwingi. Madaktari walimweleza vizuri na aliwaamini. Kwamba mlango ulipojibamiza mara ya kwanza alicheka. Kwamba usiku wa pili alianza kuungoja, na kuungoja ndiko kulikomchosha. Kwamba asubuhi ile aliona miguu ya maiti imetoka nje ya shuka, soksi moja imetoboka, akajiambia ya kwangu ndiyo ya nne. "Nilijua ni ujinga," alisema. "Nilijua nikiwa getini, nilijua nikiwa njiani. Mume wangu aliniita mwoga mpaka nilipoanguka. Hata sasa ndugu zangu wanasema ni woga wangu ndio ulionikata hivi."

"Si woga wako," alisema fundi. "Nitakwenda kuwaambia. Mmoja mmoja, ukitaka."

Mwanamke alifikiri juu ya hilo. "Mwambie mume wangu," alisema hatimaye. "Yuko uani. Wengine waache."

Basi fundi alizunguka nyumba, akamkuta mwanamume anapasua kuni, akamwambia kila kitu amesimama, mpaka na utani aliomfanyia sista mbele ya watu wa dobi. Yule mwanamume aliendelea kushika shoka muda wote. Alipomaliza kusikiliza, aliliegemeza ukutani, akampita, akaenda barazani kwa mkewe. Fundi alibaki peke yake uani na kuku wawili. Alipotoka kwa njia ya pembeni aliwaona wameketi pamoja, mume ameinama. Hawakumtazama.

Mshonaji alikuwa ameandikiwa kurudi hospitali, kovu lake lishonwe upya kwa sababu limeachia ndani. Fundi hakulijua hilo wakati ule, wala hakuwa amediriki kumshawishi kitu. Alilijua mwezi mmoja na nusu baadaye, alipokuwa kwenye ukumbi akipaka grisi magurudumu ya machela, kazi ambayo sasa alikuwa akiifanya kila wiki bila kuandikiwa. Aliwaona wakiingia, mume amebeba mfuko wa nguo, mke anatembea taratibu. Fundi alijibanza nyuma ya kabati la shuka, mtu mzima wa miaka hamsini na ushee, mpaka walipopita.

Kwa siku tano alikwenda kwa sista kila asubuhi.

"Amelala?"

"Amelala."

Siku ya pili aliambiwa amepasuliwa. Siku ya tatu, amekaa. Siku ya nne, ametembea mpaka dirishani, akafungua pazia mwenyewe, akatazama nje, akalifunga. Siku ya tano aliruhusiwa. Walipokuwa wakitoka, fundi hakupata muda wa kujibanza. Walikutana uso kwa uso mlangoni, yeye na ndoo ya rangi, wao na mfuko wao. Mume aliinamisha kichwa kidogo, salamu ya mtu anayepita. Mshonaji alimwangalia mara moja, akaangalia mbele, akapita.

Fundi alisogea wapate nafasi. Hakutegemea salamu ya mshonaji, na hakumwita.